Gigabaiti Ishirini na Nane za Serikali

Idara Kuu ya Kuhifadhi Nakala za Nakala, tawi la Tanta, inautangazia umma kwa heshima na taadhima kwamba imepotelewa na gigabaiti ishirini na nane za serikali. Umma usiwe na wasiwasi. Kamati ya watu watano imeshaundwa, chai imeshaagizwa, na mtuhumiwa amekatazwa kusafiri.

Mtuhumiwa mwenyewe ni Madam Awatif wa chumba namba kumi na moja, mama wa miaka sitini kamili, aliyeitumikia idara miaka thelathini na sita bila kupoteza hata pini. Jumapili ile alistaafu. Wenzake walimkatia keki, wakamlilia kidogo, wakaimaliza keki. Lakini kustaafu si kuondoka, msije mkachanganya mambo. Katika idara hii kila kitu unachokitumia kimeandikwa kwa jina lako kwenye daftari la dhamana, na huendi popote mpaka ukirudishe kama ulivyokipokea, ndipo upewe cheti cha kutodaiwa chenye muhuri wa tai. Bila cheti hicho unakuwa mstaafu anayesaini mahudhurio kila asubuhi saa mbili. Yupo mmoja ghorofa ya tatu, mwaka wa nne huu, anatafuta mfuniko wa birika.

Na Madam Awatif alikuwa na haraka ya haki. Binti yake wa pekee, Rihab, yuko Aswan, mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, na daktari amesema mwisho wa wiki haufiki. Tikiti ya treni ya Alhamisi jioni ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwenye leso.

"Mama, usipokuja nitazaa na nani?" Rihab alilia kwenye simu.

"Na mimi, mwanangu. Niwarudishie watu vitu vyao tu, nakuja."

Akarudisha kiti. Mtunza bohari, Ustaz Lutfi, akakikalia dakika tano nzima, maana waraka namba saba wa Mkurugenzi unasema wazi kwamba kila kitu kijaribiwe, na kitakachoonekana kwenye jaribio ndicho kitakachohesabiwa, hata aape nani. Lutfi aliupenda waraka ule hata akautia kwenye fremu na kuutundika ukutani, mahali wengine wanapotundika picha ya marehemu baba. Kiti kikapita. Stepla ikapita. Hita ya chumba ikawashwa, mwezi wa nane, wote wawili wakitiririka jasho, nayo ikapita. Ikabaki flashi moja, nyeusi, gigabaiti thelathini na mbili. Lutfi akaichomeka kwenye kompyuta, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Madam, hapa pana nne."

"Nne nini?"

"Giga nne. Ulipokea thelathini na mbili. Ishirini na nane ziko wapi?"

"We Lutfi! Tumekula maharage ya ful sahani moja miaka ishirini. Nizipeleke wapi mimi? Nizikaange?"

"Sijasema umezikaanga," akajibu Lutfi kwa upole, kisha akaandika kwenye daftari: mhusika anakana kuzikaanga.

Mkurugenzi, Bahgat Bey, ni mtu mwenye uchungu na mali ya umma. Wiki ile uchungu ulimzidi, kwa sababu barua ya kumpandisha cheo na kumhamishia Kairo ilikuwa imeshafika, aripoti Jumapili ijayo, naye alitaka kuondoka kwa kishindo. Alimpokea Madam Awatif akiwa amesimama, kama anavyowapokea wasiotakiwa kukaa.

"Madam Awatif, umeangalia chini ya kabati?"

"Bey, flashi si hii hapa? Haijapotea."

"Flashi haijapotea. Kilichopotea ni nafasi iliyomo. Umeangalia chini ya kabati?"

Madam Awatif akajikaza. "Bey, hebu kumbuka. Mwaka juzi kompyuta yako iligoma, ukaja chumbani kwangu, ukaiazima flashi hii ili fundi akuwekee Windows upya. Tangu iliporudi sijaitumia."

"Nilitia saini?"

"Hukutia. Nilikuamini."

"Basi sikuchukua. Asiyetia saini hakuchukua. Nasikitika kwamba mtumishi wa miaka thelathini na sita anafundishwa hilo leo."

Madam Awatif alitamani kumrushia kiatu. Akaghairi, kwa kuwa humo ndani viatu vyake ndivyo pekee visivyoandikwa kwenye daftari.

Kamati ikaanza kazi, na haki itendeke, ilifanya kazi kweli. Jumatatu iliwahoji wafagiaji. Jumanne ilisogeza makabati yote ya ghorofa ya pili na kukuta chini yake kalamu sita, mkate wa mwaka usiojulikana, na faili ambalo mwenyewe alishakufa akilitafuta. Mjumbe mmoja, mwenye shahada, alitaka kujua kama gigabaiti huyeyuka kwa joto, na barua ikaandikwa kwa idara ya hali ya hewa. Flashi yenyewe ikatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, ikafungwa uzi na kupigwa lakiri nyekundu, isije ikapungua zaidi.

Jumatano, saa ya chai, Madam Awatif akatoka mbio hadi kwa Bishoy, mtengeneza simu, kibanda chake nyuma ya maduka ya halua. Bishoy ni mhandisi. Chuo hajakikanyaga, lakini Tanta mtu akishika bisibisi mwaka mzima bila kuungua anaitwa mhandisi, na Bishoy ameishika miaka ishirini na miwili. Alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Awatif, hakuna mwizi hapo. Ziko humo humo. Flashi ni kama nyumba. Fundi wa bosi wako alipoitia hiyo Windows alijenga chumba kimoja cha giga nne, akakiwekea mlango, kwingine kote akakuacha bila mlango. Kompyuta inaona chumba hicho tu. Mimi nabomoa kuta zote, nafuta kila kilichomo, naigawanya upya iwe ukumbi mmoja. Inakuwa mpya kabisa."

"Mungu akuweke, Bishoy! Kwa hiyo itasoma thelathini na mbili?"

"Aa, hapo sikudanganyi. Itasoma ishirini na tisa nukta nane."

"Ala! Na nyingine nani kachukua?"

"Hakuna aliyechukua, ndivyo zilivyo zote duniani. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne. Hiyo thelathini na mbili iko kwenye ganda tu, mama."

Akakaa kwenye ndoo. Aliiona kamati mpya, lakiri mpya, Rihab peke yake hospitalini, na yeye kwenye benchi la ghorofa ya tatu karibu na mtu wa mfuniko. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile leso yenye tikiti. Bishoy akamletea maji.

"Hiyo kazi ya kufuta inachukua muda gani?" akauliza Madam Awatif baadaye.

"Inategemea. Iko ya haraka, dakika moja. Iko ya polepole, inakagua kila pembe, saa nzima na zaidi."

Madam Awatif akaifunga tena leso. Wakurugenzi tisa walikuwa wamempitia, na hakumwona hata mmoja aliyeweza kungoja mbele ya mpiga picha.

"Kesho njoo," akasema. "Weka ya polepole."

Alhamisi asubuhi akaingia kwa Bahgat Bey, akamvika kilemba cha ukoka kisicho na mfano. Bey anakwenda Kairo, akasema, itakuwaje aondoke akiacha doa? Mhandisi amepatikana, flashi itafutwa na kugawanywa upya, hasara itakwisha. Ila yeye Awatif, mtuhumiwa, anaona haya kupokea mali iliyorudi. Apokee aliyeipigania.

"Nani huyo?" akauliza Bey.

"Eh, Bey, nani kama si wewe? Ipigwe na picha, Kairo waione."

Bahgat Bey akatengeneza ukosi wa shati. Kamati ilisema kufuta ni kuharibu nyaraka za serikali, akaiambia inyamaze, ikanyamaza kwa kauli moja.

Saa tano bango likatundikwa bohari: ZIMERUDI. Lakiri ikavunjwa, Bishoy akaichomeka flashi, akabomoa kuta alizosema atabomoa, kisha akaanza kufuta. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, ukasogea kidogo sana. Halua ikapitishwa. Baada ya nusu saa mstari haukuwa umefika robo.

"Inakwenda?" akauliza Bey.

"Inakwenda, basha. Mali ya umma hii, siwezi kuruka pembe."

"Na itakuwa nzima?"

"Nzima kabisa, basha. Kama imetoka dukani leo."

Mpiga picha akakohoa. "Bey, samahani, mimi nina harusi saa saba."

"Lete daftari," akasema Bahgat Bey.

Lutfi akasimama, uso umemwiva. "Bey, waraka namba saba. Ijaribiwe kwanza."

"Lutfi! Waraka nimeuandika mimi!"

Akatabasamu kwa kamera, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: nimepokea, kwa dhamana yangu, flashi moja, gigabaiti thelathini na mbili kamili. Akasaini, akagonga muhuri wa tai. Kisha, picha ya pili, akampa Madam Awatif cheti cha kutodaiwa huku akimshika mkono. Madam Awatif akakikunja ndani ya leso, akawaaga wote kwa majina, akatembea taratibu mpaka kwenye kona ya korido. Hapo akatimua mbio.

Mstari ulifika mwisho saa saba kasoro robo. Chumbani alibaki Lutfi peke yake. Akasoma kioo, akaandika alichokisoma, akafunga bohari, akaenda kuswali.

Jumapili Bahgat Bey akashuka bohari kuchukua cheti chake mwenyewe, gari la Kairo likimngoja nje, injini inanguruma.

"Bey, hapa pana ishirini na tisa nukta nane," akasema Lutfi. "Pungufu mbili nukta mbili."

"Acha mzaha. Nipe cheti."

"Ulitia saini, Bey?"

"Nilitia, si ulikuwepo!"

"Basi ulichukua," akasema Lutfi, akainua macho kutazama fremu ukutani.

Kamati imeketi tena, ni ile ile, kwa kuwa ina uzoefu. Chai imeagizwa. Kairo hawakuweza kungoja, kiti kimekaliwa na mwingine, na Bahgat Bey anasaini mahudhurio kila asubuhi saa mbili, kisha anapanda ghorofa ya tatu na kukaa benchi moja na mtu wa mfuniko wa birika, ambaye amesogea kidogo ili Bey apate nafasi.

Huko Aswan ilikuwa siku ya saba ya mtoto. Madam Awatif, aliyefika muda wa saa tatu kabla ya uchungu kuanza, alikuwa akimtikisa mjukuu kwenye ungo, kama ilivyo mila ya huko, wanawake wakipiga vigelegele, simu ilipolia.

"Madam Awatif, nakusihi," sauti ilikuwa ya Bahgat Bey, imepungua sana. "Kumbuka vizuri. Hizi mbili na ushee, zinaweza kuwa wapi?"

Madam Awatif akamkabidhi Rihab ungo, akasogea dirishani ili asikike sawasawa.

"Pole, Bey," akasema. "Umeangalia chini ya kabati?"

Kisha, kutoka Tanta, akasikia kabati likiburutwa.