Mtu wa Kumi na Sita

Jumanne, 14 Aprili 2020

Mwalimu Jescah, ulituagiza tuandike shajara mpaka shule zifunguliwe, na tusifiche kitu. Sitaficha. Hata yale ya kuniaibisha.

Kukhu amefariki, mama yake baba. Ni uzee, si korona, lakini sheria ni moja: waombolezaji kumi na watano, barakoa, ngoma marufuku, tuwe tumemaliza kabla ya saa tano asubuhi. Baba ameandika orodha. Jina langu halimo! Nafasi ya mwisho amepewa binamu yangu Beverly, eti anaimba. Beverly ameniuliza kama ningependa anipelekee salamu kaburini.

Lakini Kukhu alinishika kidole akaniambia: Edah, wewe ndiye utanitupia udongo, usitume mkono wa mtu. Niliahidi.

Jumatano, 15 Aprili

Mpango umepatikana! Baba mdogo Elkanah yumo kwenye orodha, ilhali amefungiwa Nairobi. Nilimwuliza baba kwa nini asimfute. Akafoka: kitinda mimba hafutwi kwenye mazishi ya mama yake, kumfuta ni kumzika pamoja naye.

Basi kuna jina lisilo na mtu, na kuna mtu asiye na jina. Koti la Baba mdogo lipo stoo. Kofia ipo. Barakoa nimepewa na sheria yenyewe. Nimejizoeza kusema "Nipo" kwa sauti nzito. Mbuzi amekata kamba, hakuna kurudi nyuma.

Alhamisi, 16 Aprili

Nisamehe mwandiko.

Mazishi bila ngoma za isukuti ni kitu kibaya. Unasikia kamba za jeneza zikilia. Koplo Simiyu alikuja na rungu na orodha. Shangazi Priscah akamwambia kwetu watu hawahesabiwi, ukihesabu unamwita asiyealikwa. Koplo akajibu: mama, hata huyo avae barakoa.

Akaanza kuita majina. Akafika kwa Elkanah. Nikasema, "Nipo."

Nyuma yangu, upande wa migomba, mwanamume akasema, "Nipo."

Hapakuwa na mtu pale! Koplo akahesabu kwa ncha ya rungu. Kumi na sita. Akarudia. Kumi na sita. Akatutishia karantini ya wiki mbili, ukoo mzima, kisha akaamuru tushushe barakoa. Nikaumbuka. Beverly alicheka mpaka akakohoa, na watu wote wakamkimbia. Hilo lilinifariji kidogo.

Nyuso zikiwa wazi tulikuwa kumi na watano. Tukapandisha barakoa. Kumi na sita! Jasho likamtoka Koplo. Akanielekezea rungu: wewe koti, ondoka. Nikakimbilia kwenye miwa. Akahesabu mara ya mwisho, akapata kumi na watano, akaandika, akashukuru Mungu.

Lakini Mwalimu, hesabu ulinifundisha wewe. Bila mimi walibaki kumi na wanne.

Kutoka kwenye miwa nilihesabu mikono iliyotupa udongo. Kumi na mitano. Wangu haukuwamo.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimechapwa kidogo. Baba alichoka mapema.

Nilimpigia Baba mdogo simu. Alisema jana saa nne alikuwa kwenye foleni ya maji, akasikia anaitwa, akaitikia "Nipo" kwa nguvu hadi watu wakamcheka. Akaniuliza ni nani aliyemwita. Nikamwambia mtandao unakatika.

Kisha nikalichukua koti nilifue. Mfuko wa kulia ulikuwa na udongo, konzi moja hivi, mwekundu, bado mbichi. Kwenye miwa udongo ni mweusi. Mwekundu ni wa kaburini, na mimi sikufika ukingoni mwake. Sikuumwaga. Nilikwenda kaburini mchana huu nikautupa kwa mkono wangu. Ahadi ni ahadi. Migomba ilitikisika, na upepo haukuwepo.

Nimejifunza jambo kubwa: koti lilikuwa refu mno. Nimelikunja pindo.

Maana kesho ni kunyoa nywele za matanga. Chifu ameruhusu watu kumi, Koplo atahesabu tena, na jina la Elkanah limo tena. Langu, hapana. Nitanyolewa kichwa, lakini shuleni tungenyolewa vilevile.

Daftari hili nampa mwendesha bodaboda, na nimemwomba akusubiri mlangoni. Mwalimu, tafadhali nijibu kwa huyu huyu, kabla ya kesho asubuhi: nikisema "Nipo" kwanza, nigeuke nyuma, au nisigeuke?