Bampa la Alumini Ukweni Muleba

Wenzangu wa Mwanza, leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kuvaa shati kinyume. Hii ni aibu ambayo Muleba wataisimulia kila wakimenya ndizi, na watakaoicheka zaidi bado hawajazaliwa.

Nawaandikia jioni hii hii, kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji.)

Gari langu Mbuzi mnalijua. Lile kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, nililonunua kwa Mzungu mmoja aliyefunga virago baada ya Uhuru. Mzungu alinipa gari, akanipa na historia yake yote, ila bampa la mbele hakunipa. Sasa nikaamua kulinunulia, kwa sababu leo ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Mwalimu Adelina. Ndiyo, Adelina yule yule niliyekuwa nawachosha naye kila nikilewa.

Baba yake, Ta Kamugisha, hana neno baya juu yangu isipokuwa moja: "Mtu yule hatulii. Mara Kampala, mara Tanga, mara Mwanza. Binti yangu nimwoze upepo?" Kwa hiyo leo nilikwenda kumwonyesha kwamba nimekuwa mtu wa kutulia. Akikubali, naoa, na umri huu wa arobaini na kitu unapata maana. Akikataa, narudi Mwanza kulala kwenye jamvi lenu. Mlipaswa kuniombea. Najua hamkuniombea.

Fundi wa Kitendaguro alikuwa na mabampa mawili. Moja la chuma, limetolewa kwenye lori lililobeba kahawa tangu enzi za Mwingereza, zito kama dhambi, lina kutu mpaka ndani ya roho. Jingine la alumini. Jepesi! Linang'aa! Fundi aliapa kwamba limetengenezwa kwa ubavu wa ndege. (Ndege gani, ilianguka wapi, sikuuliza. Mtu aliyetembea haulizi maswali ya kishamba.)

Mshenga wangu, Felisiani, alilipiga teke lile bampa la chuma akaumia kidole. Akafurahi sana.

"Deo, chukua hili."

"Lina kutu. Ni zito, litakunywa petroli yote. Nilipokuwa Nairobi..."

"Hatuendi Nairobi. Tunaenda Muleba, na mvua imenyesha. Ukikwama, kamba ya kukuvuta itafungwa wapi?"

"Mimi sikwami."

Nikifa, yaandikeni hayo maneno mawili kwenye msalaba wangu.

Bampa la alumini nikalisugua kwa majivu mpaka nikaziona mvi zangu ndani yake. Leo asubuhi tukaondoka Bukoba, Felisiani amepakata kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mimi nimevaa koti la Kampala ambalo vifungo vyake havijakutana tena tangu nilipoondoka Kampala.

Adelina alikuwa ameniagiza jambo moja tu: "Gari uliache barabarani. Mwingie kwa miguu, kama watu." Alisema kweli. Kwetu huingizi gari kwenye kibanja cha mtu, shamba lake la migomba la nyumbani. Zile nyasi zilizotandikwa chini ya migomba zimetandikwa kwa mikono, na mgeni mwenye adabu hata kiatu hukitua polepole. Lakini jamani, barabarani nani angeliona bampa? Nilikuwa nimelisugua kwa ajili ya nani, kwa ajili ya kuku?

Nikakata kona. Nikaingia kibanjani.

"Deo," alisema Felisiani, "umerogwa?"

Wakwe wakatoka uani. Nikapiga honi. (Honi! Ukweni!) Nikamwona Adelina anashika kichwa. Nikadhani ni furaha.

Mbuzi akainama kwa mbele, akazama.

Ninyi hamkukulia Uhayani, basi niwaeleze. Ndizi za pombe huivishwa shimoni. Shimo linachimbwa kibanjani, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa, halafu zinafunikwa kwa majani, udongo na nyasi. Ukipita juu huoni kitu. Mwenyeji anajua lilipo. Mbwa wake anajua. Mimi najua stesheni zote za treni kutoka Tanga mpaka Moshi. Na ndizi zile zilizikwa kwa ajili ya pombe ya kunipokea mimi! Nilikuwa nimeikanyaga pombe yangu mwenyewe kabla haijazaliwa.

Ta Kamugisha akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nasema wewe hutulii. Naona leo umetulia."

Majirani wakajaa. Akaja na balozi wa nyumba kumi, ambaye hawezi kuona watu wamekusanyika akanyamaza.

"Ndugu wananchi! Tunajitegemea! Gari hili ni la Deo, lakini shimo ni letu sote!"

Wakapiga makofi. Kamba ya katani ikaletwa. Felisiani akapiga magoti kwenye tope akitazama chini ya gari.

"Fungeni kwenye chasisi."

"Fungeni kwenye bampa!" nikapaza sauti, kwa sababu Adelina alikuwa anasikia. "Ni la ndege hilo!"

"Deo..."

"Nani mwenye gari hapa?"

Wakafunga kwenye bampa. Wanaume wakajipanga. Ta Kamugisha mwenyewe, bila kuombwa na mtu, akashika ncha ya kamba. Mimi nikakaa kwenye usukani kama mkuu wa wilaya.

"Uhuru!" akaita balozi.

"Na kazi!"

"Vuta!"

Mbuzi akatikisika. Wakavuta tena. Ukasikika mlio kama wa shuka linalochanwa, kisha bampa likaruka. (Fundi hakusema uongo. Lilikuwa la ndege.) Mstari mzima ukaanguka chali, balozi chini kabisa, bado anasema kitu juu ya umoja. Na baba mkwe wangu mtarajiwa akajikuta ameketi topeni, kanzu yake nyeupe imegeuka rangi ya kahawa, amepakata bampa kama mtoto mchanga.

Mbuzi yumo shimoni. Hajasogea hata kidole. Bolti zimebaki mahali pake, na vipande vya alumini vimening'inia kama nyama kwenye meno.

"Chuma," akasema Felisiani. Neno moja tu. Ningempiga, ila ndiye mshenga.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea mbio nyuma ya nyumba. Kwa desturi yetu mkwe hatazamani na mama mkwe, basi akajifunika kanga mpaka puani, mimi nikatazama mgomba. Akaligonga bampa kwa kidole. Likalia.

"Adelina, mwulize huyo mtu kama hiki ni alumini."

"Deo, mama anauliza kama ni alumini."

"Mwambie ni alumini safi."

(Tulikuwa karibu kiasi cha yeye kunifikia kwa mwiko.)

"Mwulize kama inayeyuka."

"Mwambie kila kitu changu leo kinayeyuka."

Madukani siku hizi mnajua hali. Ukiulizia sufuria, mwenye duka anakutazama kama umeulizia mwezi. Na pale Muleba yupo fundi anayeyeyusha alumini na kumwaga sufuria.

"Ta Kamugisha," mama akasema, "mimi tangu Krismasi napikia sufuria iliyozibwa kwa ugali. Mtu huyu mpokee."

Mzee akalitazama bampa. Akalitazama shimo. Akamtazama mkewe, huyu kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaagiza kahawa, na Adelina akaleta kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Mtu wa kufukuzwa hapewi kahawa! Nikaipokea kwa vidole vya tope. Machozi yakanilenga. Nikasema ni moshi wa gari.

Mbuzi alitoka baadaye, kamba ikiwa kwenye chasisi, kama alivyoshauri mtu fulani. Mtu huyo ameimba "chuma" kutoka Muleba mpaka Bukoba. Na nimepewa adhabu: nirudi kesho kutwa, nichimbe shimo jipya, nitandike nyasi upya kila gurudumu lilipopita, na nisiondoke kwao mpaka pombe iive. Mzee anataka aone nikitulia.

Tafadhali msicheke. Na akitokea mtu kuwauliza gari la njia mbaya lifungwe bampa la chuma au la alumini, msimjibu haraka. Mwulizeni kwanza anachokiogopa zaidi: tope, au mama mkwe?