Klabu ya Misuli ya Taifa, Makao Makuu Nyuma ya Jiko Letu

Jumamosi, 31 Julai 1971
Shule imefungwa. Leo nimeanzisha Klabu ya Misuli ya Taifa. Kitabu cha maktaba kinasema kijana yeyote mwembamba atapata kifua kipana kwa siku tisini. Mwandishi wake ana kifua kama mlango wa ghala, na klabu katika kila mji. Mimi Zacchaeus nina mbavu za kuhesabika na mwanachama mmoja, Milka wa nyumba ya pili.

Ukweli nitauandika hapa tu. Sitaki misuli. Mwaka juzi, darasa la saba, tulikuwa wanne nyuma ya jiko letu kila jioni: mimi, Milka, Ouma na Nicodemus. Tulinyanyua jiwe la kufulia kwa zamu. Nicodemus alihesabu, na akifika saba aliruka hadi kumi. Halafu matokeo yakatoka. Mimi na Milka tukaingia sekondari. Ouma akaenda Usenge kuvua na mjomba wake, Nicodemus akaenda Muhoroni kwenye miwa.

Kila mmoja atapewa tawi. Mwenye tawi lazima ahudhurie Mkutano Mkuu, hapa hapa, tarehe 14. Mpango hauna tundu!

Jumanne, 3 Agosti
Nimejaza simiti mikebe sita mikubwa ya mafuta ya Kimbo na kuchomeka waya wa kushikia. Kila mmoja nimeuandika KMT kwa msumari. Mikebe mitano ilikuwa tupu. Mafuta ya wa sita niliyahamishia kwenye karai. Mama akaloweka sare yangu humo bila kutazama. Aliniuliza kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili ili majirani wasikie, kama ananisomesha ili nikaange nguo.

Ijumaa, 6 Agosti
Simiti imekauka. Milka aliinua mkebe kwa mkono mmoja huku akitafuna mahindi. Mimi niliufikisha kwenye goti. Akasema, Bwana Mwenyekiti, labda ungeanza na mkebe wenye mafuta. Nilimweleza kwamba mwanzilishi hanyanyui. Mwanzilishi huona mbali.

Mikebe miwili imepanda basi la Muhoroni, miwili la Usenge, pamoja na barua za mwaliko. Kondakta aliuliza kama tunahamisha nyumba kipande kwa kipande.

Jumatano, 11 Agosti
Nimekwenda Usenge kukagua tawi. Ouma! Mabega yake yamejaa mlango. Alininyanyua mimi mzima mbele ya wanunuzi wa samaki, akahesabu: sita, saba, kumi! Tulicheka hadi nikasahau kukagua.

Mkebe ulikuwa kazini. Umekalia kona ya wavu ulioanikiwa omena, wale dagaa wa ziwani, upepo usiupeperushe. Mwenye wavu, Mama Lornah, alinishukuru sana. Akasema, Baba, jiwe lako ni zuri, lina hata mkono, lakini wavu una kona nne. Lete mengine matatu. Mikebe mitatu ni wanachama watatu, kwa siku moja!

Nilimuuliza Ouma kuhusu Jumamosi. Akatazama ziwa. Alisema mwezi umepungua, omena huvuliwa gizani, na mjomba hataki kusikia neno. Omera, ndugu yangu, akasema, njoo wewe tena. Nimeandika kwenye daftari: huenda akaja.

Mkebe wa pili haukufika. Nimeuona nikirudi. Basi liliushusha Kisian kwa makosa, nao unazuia mlango wa hoteli ya chai. Tawi lililojianzisha lenyewe!

Ijumaa, 13 Agosti
Barua ya Nicodemus. Mikebe yote miwili iko nyuma ya magurudumu ya tela la miwa, nalo haliserereki tena. Dereva sasa anamwita Fundi. Kesho hawezi kuja, miwa ikishakatwa haingoji. Chini kabisa ameandika: lile jiwe bado mnalo? Nimeisoma mara nne.

Jumamosi, 14 Agosti
Mkutano Mkuu. Nilisugua jiwe. Nikapanga viti vinne. Saa nane, hakuna mtu. Saa tisa akaja Milka. Kiti cha Ouma kilikaliwa na kuku. Mama alileta viazi vitamu vya watu wanne, na hakutaja sare.

Nilisoma ripoti ya matawi yote matatu. Milka hakunitania hata mara moja. Hapo nilijua kuna jambo. Baba yake ni karani wa reli, na amehamishiwa Tororo. Wanaondoka Jumatano.

Aliliinua jiwe hadi kifuani, akaliweka chini polepole. Akasema, Zacchaeus, wewe tuandikie barua tu. Bila simiti. Nikamwambia nitafikiria.

Baada ya yeye kuondoka nililijaribu jiwe. Goti. Kama mwaka juzi.

Jumapili, 15 Agosti
Nimefikiria. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Tororo iko Uganda. Nchi nyingine kabisa! Nimefuta Taifa, nimeandika Klabu ya Misuli ya Kimataifa. Hakuna klabu ya umri wetu iliyokua haraka hivi.

Mikebe miwili iliyobaki itaondoka na Milka. Mkutano Mkuu ni Desemba, wote wanne, na safari hii hakuna udhuru. Lakini Makao Makuu hayawezi kubaki bila hata mkebe mmoja, na Mama Lornah anangoja mitatu.

Mama ameficha Kimbo chini ya kitanda. Mkebe mpya, umejaa. Yuko kwenye mkutano wa akina mama hadi saa kumi.

Karai liko tupu.