Kuku wa Mama Mwikali na Rangi ya Kucha

Jamani, leo nimejiaibisha. Na si kidogo.

Nawaandikia nikiwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, hapa Machakos mjini. Nimetumwa dukani, mtajua kwa nini. Msiniharakishe.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alitupa kazi ya likizo: kadiria idadi ya wanyama wa eneo lenu bila kuwahesabu wote. Unakamata wachache, unawatia alama, unawaachilia. Kesho yake unakamata tena, unaangalia wangapi wako na alama, kisha unapiga hesabu. Yeye alipendekeza panzi. Panzi! Kwetu kijijini Kalama, na ukame huu! Wiki nzima nimekimbia shambani kama mwendawazimu, nikapata wawili. (Mmoja nilimkanyaga.)

Basi jana nikaamua: kuku. Sisi hatufugi, lakini wa jirani yetu Mama Mwikali huzurura mpaka mlangoni petu. Nikakamata sita, nikawapaka miguu rangi nyekundu ya kucha. (Ya dada yangu. Hakujua. Sasa anajua.)

Leo asubuhi nikarudia. Nikakamata sita, mwenye alama akawa mmoja tu. Sita mara sita, gawanya kwa moja: thelathini na sita! Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nilijiona msomi.

Mara nikasikia mayowe kwa jirani.

Mama akatoka mbio, nikamfuata. Tukamkuta Mama Mwikali amewasha moto mkubwa nyuma ya nyumba, machozi yanamtiririka. Kuku watano alikuwa amewafungia jikoni tangu jana jioni.

"Mwaitu, mama wee, ugonjwa umerudi!" akamwambia mama. "Angalia miguu, imekuwa myekundu kama damu! Mwaka juzi kideri kilinimalizia kuku wote. Nimempigia daktari wa mifugo; akisema ndio huo, hawa nawachoma leo leo."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ukakataa! Nikasimama tu, mtu mzima wa kidato cha tatu, natazama moto. Nikajiambia nitasema akinyamaza kulia. Hakunyamaza.

Daktari wa mifugo akafika na pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akashika kuku mmoja, akainua mguu, akaukwaruza kidogo. Akanusa.

"Mama, uko na msichana hapa nyumbani?"

"Wangu aliolewa. Anakaa Mlolongo."

"Sasa nani amepaka kuku wako rangi ya kucha?"

Nikaona macho ya daktari yanashuka polepole, yanapita magoti yangu, yanatua kwenye malapa. Kidole gumba cha mguu wa kulia: chekundu, kinang'aa. (Nilijipaka mwenyewe kwanza nione rangi inakauka baada ya muda gani. Sayansi hiyo!)

"Musyoka!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Nadhani hata nyinyi huko mliisikia.

Nikaeleza yote. Panzi, mwalimu, alama. Mama Mwikali akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulitaka kujua kuku wangu ni wangapi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukapata wangapi?"

"Thelathini na sita."

Akafuta machozi na leso. "Wako kumi na tatu. Si ungeniuliza?"

Daktari alicheka mpaka akashikilia pikipiki isianguke. "Hesabu yako iko sawa, kijana," akasema. "Lakini wenye alama walikuwa wamefungiwa jikoni. Ungewapata wapi?" Kumbe! Mtu ameharibu utafiti wangu halafu mimi ndiye natukanwa!

Mama akaamua niwasafishe kuku wote sita. Nikajaribu maji na sabuni: wapi! Nikajaribu mafuta ya taa: kuku wakanidonoa. Majirani nao wamejaa uani. "Anawapaka ama anawapangusa?" Aiya!

Ndio nikatumwa mjini kununua dawa ya kutoa rangi ya kucha. Msichana wa dukani akaniuliza kwa upole, "Ni ya nani?"

Nikasema ya kuku.

Sasa amewaita wenzake wanichungulie, na saiba hii iko mkabala na duka lao. Tafadhali, nyinyi angalau msicheke. Na mwalimu akiwauliza, mwambieni jibu langu ni kumi na tatu. Mbinu niliyotumia: nilimuuliza mwenye kuku.