Njiwa wa Kauri wa Mama Mkwe

Jumanne, 16 Desemba
Mama mkwe anarudi Jumapili kutoka kwa shemeji. Siku tano! Mwaka jana nilimkalia nikamvunja njiwa wake wa kauri, pambo la sikukuu alilopewa na marehemu baba mkwe. Nikasema amepotea tulipohamisha makochi. Mama akaenda kupakua chakula. Tangu hapo kila akinipakulia, nakwepa macho yake. Huyu ni mama aliyenipokea nikiwa sina mbele wala nyuma. Basi nimepata njia: nitapaka rangi njiwa mpya, niseme nimempata nyuma ya kabati. Namshukuru Mungu kwa akili hii.

Jumatano, 17 Desemba
Nimenunua njiwa watatu weupe pee, na brashi mbili. Jirani wa ghorofani, mwalimu mstaafu wa sanaa, amekuja kunifundisha mezani kwangu. Nipake rangi nyembamba. Ningoje siku nzima ikauke ndipo niongeze nyingine. Nimning'inize kwa uzi, nisimlaze kamwe. Mtu mwema sana. Mwoga kidogo. Njiwa wa kwanza anafanana na bata mgonjwa.

Alhamisi, 18 Desemba
Ningoje siku nzima, kwani nina mwezi? Nimechukua draya ya nywele ya mke wangu. Rangi ikatoa malengelenge! Njiwa wa pili kwisha habari yake. Jioni mke wangu kakausha nywele, katoka na utosi wa buluu. Kaniambia nimweleze mama ukweli, yaishe. Hajui mipango huyu. Ila nashukuru hakunifukuza.

Ijumaa, 19 Desemba
Njiwa wa tatu. Mabawa buluu, mdomo mwekundu, macho mawili! Uzi umenichosha, nimemlaza juu ya gazeti la jana.

Jumamosi, 20 Desemba
Kang'ang'ania gazeti. Nimembandua kwa nguvu, kipande kimebaki tumboni. Si neno. Nani humgeuza njiwa? Nimepaka vanishi juu kwa juu.

Jumapili, 21 Desemba
Mama kafika. Nikatoa njiwa, hata vumbi nilikuwa nimempaka. Akampokea kwa mikono miwili. Akamgeuza! Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: mbili bila, mechi ya Jumatano. Akauliza njiwa aliyejificha mwaka mzima nyuma ya kabati ameupata wapi mpira wa juzijuzi. Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka.

Nikasema yote. Mama akasema bawa la njiwa wake alilizoa mwenyewe chini ya kochi, mwaka jana huo huo. Alikuwa akingoja nimwambie kwa mdomo wangu. Kisha akamtundika njiwa wangu dirishani, na gazeti lake. Akasema yule wa zamani alitoka dukani, huyu katoka kwa mwanawe. Mwanawe! Nimelia mbele ya watu. Nimeapa sitamficha tena kitu. Sijui nilimfanyia Mungu wema gani nikapata mama kama huyu.

Jumatatu, 22 Desemba
Kwa shukrani nimeamka mapema nikaosha vyombo vyote vya mama. Mkono wa birika lake la kauri umenibaki kiganjani, nikalificha. Mama akauliza kama nimeliona. Nikasema huenda kalisahau kwa shemeji alikotoka. Amesema atampigia simu aulize. Nashukuru shemeji ni mtu muungwana: nimeshampigia mimi kwanza, nikampanga aseme liko kwake.