Gololi za Ekseli ya Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Gari limeanza kukohoa. Ka-ka-ka-ka, kila nikikata kushoto. Kulia, kimya. Fundi ameinama, akachungulia nyuma ya gurudumu la mbele la kulia: kifuko cha raba kwenye ekseli kimechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia, kifundo kimelika. "Badilisha ekseli nzima, mzee wangu." Nikasema nitafikiria.

Jumamosi binti yetu anaolewa. Anataka kwenda na gari hili hili lililomleta nyumbani akiwa kichanga. Ila likipiga kelele, atapanda la mjomba wake. Shemeji ana gari jipya, milango inajifunga yenyewe. Sikubali!

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Kelele ni za kushoto, basi sikati kushoto. Jaribio: kumpeleka mke wangu kwa fundi cherehani kwa kona za kulia tupu. Tumepita getini kwa shemeji mara tatu. Kwanza alitupungia. Halafu akauliza tumepoteza nini. Mara ya tatu alikuwa ametoa kiti nje, amekaa anatutazama. Mke wangu ameshuka, akamalizia kwa miguu.

Jumatano, 6 Machi
Ekseli mpya nimeagiza. Ya zamani naitoa mwenyewe. Nati ya gurudumu imegoma. Nimepanda juu ya spana nikaruka. Jirani kafumba macho. Ekseli imechomoka, na oili yote ya gia ikanimwagikia kifuani. Hakuna aliyeniambia inakaa humo!

Kisha nikafungua kifundo. Gololi za chuma, kila moja katika mfereji wake, zimezungukwa na kitu kama bangili. Kifundo kinapinda huku kinazunguka, na hakikatiki. Miaka yote hiyo, hospitali, shule, mvua, zimekimbia gizani pasipo shukrani ya mtu.

Nimemwita mke wangu. Amekuja na mwiko mkononi, amekuja kugomba. Akatazama. "Mh! Kumbe." Mwiko ukashuka. Binti akaifumbata gololi moja kiganjani, akauliza kama hii ndiyo iliyombeba. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi amefunga ekseli mpya, amejaza oili. Ameniangalia usoni: kile kifuko nisikiguse hata kwa kidole. Nimekata kushoto barabara nzima. Kimya! Binti kapiga makofi kiti cha nyuma. Shemeji ameambiwa asijisumbue.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka mapema, suti mwilini. Wazo: zile gololi za zamani nilizikuta zimechakaa. Mpya zikoje? Jeki, gurudumu nje, wembe. Nimechana kifuko kidogo tu, upana wa ukucha. Sikuona vizuri. Nikaongeza. Nikavuta.

Yalaa! Ziling'aa hadi nikajiona uso. Zote. Kisha zikaporomoka, moja ikaenda mtaroni.

Mke wangu alimpigia kaka yake simu. Shemeji alifika akicheka: "Panda basi, shemeji, usiguse kitu!" Nimekaa mbele juu ya gazeti, grisi hadi kwenye tai. Nyuma, binti amenuna kona baada ya kona. Karibu na kufika akauliza, taratibu, zile gololi zilikuwaje.

Nikamweleza. Aliacha kununa, akasikiliza.

Sasa wageni wameondoka, nyumba imetulia. Kesho sina kazi. Ekseli ya kushoto haijawahi kufunguliwa.