Kutekwa kwa Mlango wa Kasri

Sogeeni, wenye masikio! Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye mtoto ambembeleze, kwa maana nasimulia siku ambayo Mpiga Picha, Bwana wa Sanduku la Miguu Mitatu, simba wa kitambaa cheusi, alipambana na mlango.

Ulikuwa mlango mkuu wa kasri, umechongwa maua juu ya maua, mizabibu ikipanda, tausi wakishuka, pasibaki pa kutua nzi. Bibi wa kasri aliitaka picha ya nakshi zote, bila mtu mbele yake. "Leo ikishindikana," alisema, "namwita mchoraji." Na mchoraji huyo, enyi wasikivu, alikuwa shemeji yake Mpiga Picha, mtu wa kumcheka mezani mwaka mzima.

Adui alikuwa Bawabu, mnara wa nyama ndani ya joho jeupe, aliyeganda katikati ya mlango. Tumbo lake lilikwisha kumeza tausi katika kila picha. Na kioo cha kunasia picha kilibaki kimoja tu.

"Kaka, sogea kidogo tu."

"Nisogee niende wapi? Nimeambiwa mlango usiachwe. Nikifukuzwa utanilisha wewe? Piga tu, natulia kama jiwe."

"Hapo ndipo unaponimaliza!"

Mke wa Mpiga Picha, malkia wa dawa na ndoo za kuoshea picha, alichomoza kichwa kutoka hema lao la giza. "Baba Watoto, dawa ya kioo inakauka, picha haitashika! Mtagombana baadaye!"

Ndipo shujaa alipowakumbuka kuku. Asubuhi walipita mbele ya sanduku kundi zima, na pichani hakuonekana hata mmoja. Kwani sanduku lile lilitazama polepole, na kisichotulia halikukiona. Akainua mkono, akanguruma:

"Ewe Bawabu, nguzo ya lango! Usiuache mlango, bali tembea! Nenda, rudi, usipoe mpaka nifunike jicho la sanduku!"

"Nitembee tu, hivi hivi?"

"Tembea kama unayeitwa na mama mkwe!"

Bawabu akatembea, ardhi ikatetemeka. Jicho likafumbuliwa, likafumbwa. Mke akakipokea kioo, akakiosha, akakilaza juu ya kitambaa cheusi, picha ikajitokeza. Lo! Tausi wote, hadi kucha!

Bibi wa kasri alipoletewa kioo alitabasamu, kisha akakunja uso. "Na Bawabu alikuwa wapi? Si nilisema mlango usiachwe?"

"Bibi, nimetembea mpaka magoti yanalia!"

"Mbona simwoni mtu?"

Bawabu akalowa jasho. Mpiga Picha akainama, pua ikikaribia kioo, akatafuta jani kwa jani, hata akafika kizingitini. Hapo zilisimama buti mbili nyeusi, hafifu kama moshi, bila mwenyewe.

"Hizo zangu!" Bawabu alipiga kelele. "Hapo nilisimamisha miguu nikajikuna mwili mzima!"

Bibi aliinamia kioo, akazihesabu buti. "Haya. Angalau viatu vilikuwa kazini. Mchoraji asiitwe."

Mke akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika. Na iandikwe hivi: wengine waliteka miji kwa majeshi na moto, Mpiga Picha aliteka mlango mzima, maua na tausi wake, wala hakuufungua.